Jini Tamrazi na Pilau ya Golandami

Wanasimulia watu wa Uajemi, na yaliyofichika ndani ya visa vyao anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba zama za kale mji wa Zarnigari ulikuwa chini ya himaya ya Sultani Ardawani bin Kobadi, na mji huo ulikuwa na milango ya shaba na chemchemi zilizojengewa kwa marumaru, na misafara ya ngamia ilikuwa ikiingia kutoka kila upande na shehena za hariri na zafarani. Na Sultani Ardawani alikuwa mtu wa haiba kubwa, shujaa vitani na karimu kwa wageni, lakini alikuwa na ila moja, nayo ni kwamba hakuweza kustahimili kuambiwa "hapana". Na kwa kuwa watu wake walilijua hilo, kila alilolisema liliitikiwa "ndiyo, maulana," hata likiwa la upuuzi, mpaka yeye mwenyewe akasahau kwamba duniani kuna jibu jingine.

Mke wake alikuwa amekwisha kufariki, na baada ya kumzika katika bustani ya waridi ndani ya kasri, hakuoa tena. Marehemu alimwachia mtoto mmoja tu wa kiume, jina lake Siyamaki, ambaye wakati wa kisa hiki alikuwa kijana aliyekwisha kuota ndevu, mpole na mwenye maneno machache, na Sultani alimpenda kuliko taji lake.

Nje ya mlango wa mashariki wa mji palikuwa na bustani kongwe ya mishmishi, yale matunda laini ya rangi ya dhahabu yenye utamu ulioingiliwa na uchachu kidogo, na watu hawakuingia humo kwa sababu ilisemekana ina mwenyewe asiyeonekana. Siku moja Sultani alikuwa akirejea kutoka mawindoni, akapaona mahali pale na kivuli chake na kijito chake, akapapenda, akaamuru miti ikatwe ili ajenge kasri la mapumziko. Wazee waliokuwa wakiishi karibu na mlango wakamjia wakapiga magoti, wakamwambia, "Maulana, ndani ya bustani ile mna kaburi la mwanamke, na kaburi hilo lina mlinzi ambaye si mwanadamu."

Sultani akacheka, akasema, "Ardhi ni yangu na miti ni yangu, na maiti hana haja ya kivuli."

Basi mashoka yakaingia kazini, Sultani na mwanawe wakitazama juu ya farasi zao, na miti ikaanguka mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki mti mkubwa wa katikati, uliokuwa umelifunika kaburi kwa matawi yake kama kuku aliyefunika vifaranga. Ulipoanguka huo, ardhi ikaguna, na upepo ukavuma, na vumbi likapanda likalifunika jua. Na vumbi lilipotulia watu wakatazama, wakamwona farasi wa mwana wa mfalme amesimama akitetemeka, na tandiko lake ni tupu. Wakatafuta chini ya kila tawi na ndani ya kijito, wasimwone Siyamaki, wala alama ya mguu wake.

Kesho yake, Sultani akiwa barazani amejishika kichwa na mawaziri wamenyamaza, akaingia ndege hudhud mwenye kishungi, akatua juu ya nguzo ya kiti cha enzi, na akanena kwa ulimi fasaha wa kibinadamu.

"Ewe Ardawani bin Kobadi," akasema yule ndege, "nimetumwa na Tamrazi, jini wa bustani uliyoikata. Anakwambia hivi: mti ule wa katikati nilimpandia mke wangu Golandami, mwanadamu kama wewe, binti wa mtunza bustani, aliyekaa nami tangu ujana wake mpaka nywele zake zikawa nyeupe na mimi niko vilevile. Tangu siku niliyomzika sijatia chakula kinywani. Mwanao yuko kwangu, hajambo, wala sikumdhuru. Niletee pilau ya mishmishi aliyokuwa akinipikia Golandami, niionje mara moja tena, nami nitafungua mkono wangu. Lakini atakayeniletea isiyokuwa yenyewe, kisha akaniambia kuwa ni yenyewe, huyo hatarudi kwake akiwa na umbo lake."

Hudhud akaruka akaenda zake, na Sultani akamwita mpishi wake mkuu, mzee Kiyanushi, mtu aliyekuwa amehudumu jikoni mwa kasri tangu enzi ya Kobadi, akamwambia, "Pika pilau ya mishmishi iliyo bora kuliko zote ulizopata kupika, umpelekee jini, na akikuuliza, umwambie kuwa ndiyo ya mke wake."

Kiyanushi akasema, "Maulana, mimi sikupata kumwona mwanamke huyo, wala sikula mkononi mwake."

"Sikukuuliza ulikula wapi," akasema Sultani. "Umesikia amri yangu?"

"Ndiyo, maulana," akasema Kiyanushi.

Akapika, akaenda, na hakurudi. Wakatumwa wapishi wengine wa kasri, kisha wakaja wapishi wa sokoni kwa tamaa ya zawadi iliyotangazwa, na kila mmoja aliingia bustanini na sinia yake kichwani, na hakuna aliyetoka. Ila watu wakaona kwamba visiki vya mishmishi vimejaa ndege aina ya kwezi, weusi, wanaong'aa, na kila wapishi walivyozidi kwenda ndivyo kwezi walivyozidi.

Sasa mzee Kiyanushi alikuwa na binti, jina lake Mahruhi, mwanamwali aliyefiwa na mama na kulelewa na baba yake, na kupika alikuwa amefundishwa na mama kabla ya kifo chake na kuendelezwa na baba baada yake. Asubuhi moja alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, akaja kwezi akatua dirishani, na kwezi huyo alikuwa na kovu jeupe kwenye bawa, mahali palepale Kiyanushi alipokuwa na kovu la samli ya moto mkononi mwake. Mahruhi akamtupia mchele, yule ndege asile. Akamtazama tu kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, na machozi yakamdondoka. Mahruhi akauweka ungo chini, kwa maana alifahamu kwamba huyo ni baba yake.

Akajitanda buibui lake, akaenda moja kwa moja barazani, na walinzi walipotaka kumzuia Sultani akasema, "Mwacheni, ni binti wa Kiyanushi."

Mahruhi akainama, akasema, "Amani iwe juu yako, bwana wangu Sultani. Nimekuja kukuomba ruhusa niende kwa jini Tamrazi, nimpikie pilau hukohuko kwake."

Uso wa Sultani ukachangamka kidogo. "Ruhusa unayo," akasema, "na ukifanikiwa utapata utakacho. Lakini wewe ni mwanamke, na ulimi wa mwanamke unajua kubembeleza. Atakapokuuliza kama ndiyo pilau ya mke wake, sema ndiyo, na uape, na uape tena, mpaka aamini."

"Hapana, maulana," akasema Mahruhi.

Waziri mmoja akajiziba mdomo. Sultani akainuka kutoka kwenye kiti chake, na mkono wake ukashika mpini wa upanga, akasema kwa sauti ya chini, "Rudia ulilolisema."

Mahruhi akasema, "Bwana wangu, baba yangu alisema ndiyo kwa amri yako, na leo ana mbawa. Wenzake walisema ndiyo vilevile, nao wako juu ya visiki. Kama neno hilo lingeweza kumtoa mwanao, angekuwa amekwisha kutoka zamani. Ukitaka kunikata kichwa, nikate hapa, maana uongo huo siendi nao."

Sultani akamkodolea macho. Kisha mkono wake ukauachia upanga, si kwa huruma, bali kwa sababu hakuwa na mpishi mwingine wa kumtuma. Akasema, "Nenda. Na kama utarudi bila ya mwanangu, basi usirudi."

Akaenda Mahruhi na sufuria yake ya shaba na upawa wake, akafika bustanini wakati wa dhuha, akapita kati ya visiki na kwezi wakimtazama, mpaka akafika penye kaburi. Palikuwa na kilima kidogo cha udongo ulioanikwa na jua, na kando yake amekaa mtu mrefu kupita kiasi cha watu, ngozi yake ya rangi ya moshi, na macho yake kama makaa yaliyoanza kufunikwa na majivu. Na huyo ndiye Tamrazi. Mahruhi akamsalimu, naye akaitikia bila ya kuinua uso, akasema, "Sinia yako iko wapi?"

"Sikuja na chakula, bwana wangu. Nimekuja kupika mbele yako, nami sina chochote ila sufuria hii."

Tamrazi akainua mkono, na palepale ukawaka moto usiokuwa na kuni, mwekundu, uliotulia. "Taja utakacho," akasema.

Mahruhi akataja mchele mrefu wa pwani ya bahari ya kaskazini, na mara gunia likawa miguuni pake, lingali na unyevu wa mashamba. Akataja nyama ya paja la kondoo, na samli, na vitunguu, na zafarani, na mdalasini, na zabibu, na mishmishi zilizokaushwa juani, na kila alichokitaja kilishuka kutoka hewani kabla hajafunga mdomo. Kisha akasema, "Sasa niambie, bwana wangu. Golandami alikuwa akiipikaje?"

Jini akafikiri sana. Akasema, "Ilikuwa tamu, na ilikuwa chachu. Ilikuwa ikinukia mpaka kule kwenye kijito."

"Nyama aliikaanga kwanza, au aliichemsha?"

"Sijui."

"Mishmishi alizitia pamoja na nyama, au alizipanga katikati ya wali?"

"Sijui, ewe binti."

"Zafarani aliiponda na sukari, au aliiroweka katika maji ya moto?"

Tamrazi akainama, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya jini anayetisha. "Nilikuwa nikikaa pale," akasema, akionyesha mahali penye majani, "nikisubiri kuitwa. Naye alikuwa akipika, na akiimba, na mimi nilikuwa nikitazama mawingu. Umri wake wote. Sikupata kugeuza shingo hata mara moja nikaitazama mikono yake. Nilidhani ni jambo la kila siku, na la kila siku halina mwisho."

Mahruhi akauosha mchele mpaka maji yakawa maangavu, akauroweka na chumvi, kisha akakata vitunguu akavikaanga katika samli mpaka vikawa na rangi ya asali, akatia nyama akaigeuzageuza mpaka ikafunga, akatia mdalasini na maji kidogo, akafunika akaiacha iive polepole, na mchele akauchemsha kando katika sufuria nyingine aliyoitaja. Na Tamrazi akasogea. Kwanza akasogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka akawa amechuchumaa karibu na moto kama mtoto, anaitazama mikono ya Mahruhi na kuuliza, "Kwa nini unauchuja mchele nao haujaiva?"

"Kwa sababu utamalizia kuiva kwa mvuke, bwana wangu. Ukiuacha majini utapondeka."

"Na hizi kwa nini unazikaanga peke yake?"

"Mishmishi kavu zina usingizi. Samli inaziamsha, na zabibu hali kadhalika, ila zabibu ni mara moja tu, zikivimba uzitoe."

Akapaka samli chini ya sufuria, akatandaza wali uliochanganywa na zafarani ili ufanye ukoko, kisha akapanga wali, na nyama, na mishmishi, na zabibu, na wali tena, tabaka juu ya tabaka, akaliinua rundo likawa kama mlima, akatoboa matundu kwa mpini wa upawa ili mvuke upate njia, akazungushia mfuniko kitambaa, akafunika, akataja makaa, akayapalia juu. Na wakakaa wote wawili wakisubiri, binti wa mpishi na jini, na harufu ikaanza kutoka, ikavuka visiki ikafika kijitoni, na kwezi wote wakanyamaza.

Alipopakua, wali ulikuwa umechambuka punje moja moja, na ukoko ulitoka mzima kama sahani ya dhahabu. Akamwekea Tamrazi, naye akatwaa tonge, akatia kinywani, akafumba macho. Kisha akafumbua, na makaa ya macho yake yakawa yamewaka, akauliza kwa sauti iliyotikisa udongo, "Je, hii ndiyo pilau ya Golandami?"

Mahruhi akajua kwamba hapo ndipo mahali baba yake alipoachia umbo lake. Akasema, "Hapana, bwana wangu. Hii ni pilau ya Mahruhi, binti wa Kiyanushi. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake. Pilau ya Golandami ilikuwa mikononi mwa Golandami, na mikono yake imelala hapa. Hakuna mtu atakayekuletea, hata ukiugeuza ulimwengu mzima kuwa ndege. Nikikwambia ndiyo hii, nitakuwa nimemwibia marehemu kitu chake pekee kilichobaki."

Jini akasimama, na kimo chake kikapita vimo vya miti aliyokuwa nayo zamani, na upepo ukavuma, na visiki vikatikisika mpaka mizizini, na kwezi wakatawanyika angani wakipiga kelele. Mahruhi akaanguka kifudifudi akishika udongo wa kaburi kwa vidole, akiamini kwamba saa yake imefika. Akakaa hivyo hata asijue ni muda gani. Kisha upepo ukapungua. Akainua uso, akamwona Tamrazi amepiga magoti upande wa pili wa kaburi, na kutoka machoni mwake yanatiririka machozi yaliyo moto, na kila tone lilipogusa udongo lilitoa mvuke.

"Nilijua," akasema jini. "Wallahi nilijua tangu siku ya kwanza. Waliponiambia ndiyo, niliwachukia kwa sababu kwa nukta moja walinipa tamaa. Wewe umeniulia matumaini, na sasa sijui niende nayo wapi huzuni hii."

Mahruhi akajifuta vumbi, akaisogeza sinia mbele yake, akasema kwa upole, "Wali unapoa, bwana wangu. Kula kwanza."

Tamrazi akala. Alikula kwanza kama mtu anayemeza dawa, kisha kama mwenye njaa, na alipokuwa akila alisimulia habari za Golandami, jinsi alivyokuwa akimkaripia anapoingia na matope, na jinsi uzeeni alivyokuwa akisahau majina ya miti. Na Mahruhi akasikiliza. Kisha jini akagonga ardhi, ikafunguka ngazi, na akapanda Siyamaki, mwana wa mfalme, uso wake umepauka kwa kukosa jua lakini mzima wa afya. Wakakaa watatu kuizunguka sinia. Siyamaki akasema, "Ewe Tamrazi, siku zote nilizokaa kwako umenisimulia habari zake, hata nimemlilia mtu nisiyemjua. Naona aibu kwa shoka la baba yangu."

Na Tamrazi alipokwisha kunawa mikono, akapuliza pumzi moja kuelekea kwenye visiki, walikorudi kutua kwezi, nao wakaanguka chini, wakainuka wakiwa watu, wapishi wamejaa manyoya nywelini. Na mzee Kiyanushi akaja mbio akijikwaa, akamkumbatia binti yake, wakalia wote wawili.

"Mwanangu," akasema Kiyanushi, "twende nyumbani. Yetu yamekwisha."

Lakini Tamrazi akasema, "Ninyi mko huru. Mwana wa mfalme bado. Pilau hii imenipa haki yangu, lakini kaburi hili lina haki yake, nayo haidaiwi kwa mwana, inadaiwa kwa baba. Nitamtuma hudhud amwambie aje mwenyewe, bila ya askari, aombe radhi."

Mahruhi akasema, "Ukimtuma ndege, Sultani atakuja na jeshi. Nitakwenda mimi."

"Umekatazwa kurudi bila ya mwanawe," akasema Siyamaki, kwa kuwa hudhud aliyasikia yote yaliyopita barazani, na jini akamwambia.

"Najua," akasema Mahruhi, akaenda.

Sultani alipomwona ameingia peke yake, akanyanyuka na ghadhabu. Na alipokwisha kuusikia ujumbe, ghadhabu ikazidi. "Mimi Ardawani nimwombe radhi jini?" akasema. "Baba yangu hakufanya hivyo, wala babu yangu."

"Hukuitwa kumwomba radhi jini, maulana," akasema Mahruhi. "Umeitwa kumwomba radhi mwanamke aliyekuwa amelala kivulini, ukamwanika juani. Nawe bwana wangu, mkeo mwenyewe umemzika wapi?"

Hakuna aliyewahi kumtaja marehemu huyo mbele ya Sultani. Bustani ile ya waridi ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake Sultani aliuvaa shingoni, na hata mkulima aliingia kwa idhini yake tu. Sultani akabaki amesimama. Akaupeleka mkono shingoni polepole, akaushika ule ufunguo, na rangi ya uso wake ikabadilika. Kisha akavua taji, akaliweka kitini, akavua viatu, akasema, "Asinifuate mtu," akatoka kwa mlango wa mashariki mchana kweupe, na watu wa mji wakampisha njia wakistaajabu, hata wengine wasimjue.

Alipofika bustanini, hakumtazama Tamrazi, wala hakumkimbilia mwanawe ingawa alimwona, akaenda mpaka kaburini, akapiga magoti, akasema, "Ewe Golandami, mimi ndiye niliyesema maiti hana haja ya kivuli, na nilisema uongo, kwa maana nyumbani kwangu nampandia maiti wangu waridi kila mwaka. Nimekukosea. Nisamehe." Akachota udongo kwa mikono yake mitupu, akalijenga upya lile kaburi mahali miguu ya wakataji ilipolikanyaga, akalimwagia maji kutoka kijitoni, akienda na kurudi, mpaka jasho lake likachanganyika na udongo. Siyamaki alitaka kumsaidia, Tamrazi akamzuia kwa ishara.

Alipokwisha, ardhi ikaguna kama ilivyoguna siku ile, lakini mguno huu ulikuwa laini. Na kutoka kila kisiki likachomoza chipukizi, likawa tawi, na tawi likachanua maua meupe mbele ya macho yao, na maua yakapukutika kama theluji, na mishmishi zikaiva zikang'aa matawini. Ndipo Sultani akamkumbatia mwanawe, na Tamrazi hakuwazuia tena.

Siku zikapita, na Siyamaki akamwambia baba yake kwamba anataka kumposa Mahruhi. Sultani akaenda mwenyewe nyumbani kwa Kiyanushi, akakaa juu ya mkeka, akaposa kwa adabu kama mtu yeyote anavyoposa, akasema, "Kiyanushi, mkikataa nitaondoka kwa heshima zangu zote." Kiyanushi akamuuliza binti yake, naye Mahruhi akamaliza kwanza kuchagua mchele wake, hata Sultani akaanza kutoka jasho, kisha akasema amekubali, kwa kuwa alimsikia Siyamaki akisema amemlilia mtu asiyemjua, na mtu wa namna hiyo hamwogopi.

Arusi ikafanywa, mji ukapambwa, na wapishi wote waliokuwa kwezi wakapika kwa zamu. Tamrazi akaja katika umbo la mgeni mrefu aliyevaa kanzu ya kijivu, akawapa maarusi kasha la yakuti na zumaridi zilizokuwa chini ya mizizi tangu enzi za wafalme waliosahauliwa, na mali hiyo ikatosha kwao na kwa maskini wa Zarnigari. Kisha akamwita Mahruhi pembeni, akamwambia, "Naondoka kwenda milima ya mashariki kwa jamaa zangu. Nilimlinda Golandami kwa kuwatisha watu wasimsogelee, na kwa hivyo nikamfanya awe mpweke kuliko maiti wote. Fungueni bustani. Waacheni watoto wale matunda, na akina mama wapumzike pale, na atakayepita amwombee dua kwa jina lake." Akaaga, akawa moshi, na moshi ukapotea, na tangu siku hiyo hakuonekana tena katika nchi ile.

Ikawa kama alivyousia. Na Ardawani alipozeeka akamwachia Siyamaki ufalme, na Mahruhi akawa mshauri wake, na katika baraza lao mtu aliweza kusema hapana akatoka na kichwa chake. Wakajaaliwa watoto, wakaishi kwa raha mpaka ikawafikia saa isiyomkosa mtu. Nasi tuliopewa habari hii tunaambiwa tuwatazame tunaowapenda wakiwa kazini, na mikono yao ingali na joto, na tusimwambie aliyefiwa neno la uongo kwa kumhurumia, kwa maana huruma ya kweli ni kukaa naye na kumwambia ale. Mungu awarehemu waliotutangulia, na Golandami pamoja nao, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na wa kulitaja jina lake ila jini mmoja, na sasa linatajwa na kila aingiaye bustani ile kuchuma tunda.